Kuya ya Upande wa Pili

Ukimwomba Zéphirin mizani yake ya samaki, alikuazima, ingawa kwa kununa. Ukimwomba santuri yake ya bendi ya Icushi, alikutazama kama uliyemwomba meno ya mbele. Mji mzima wa Kashikishi ulijua hivyo, kwa hiyo hakuna aliyeomba. Watu walikuja Jumapili baada ya Misa, wakakaa uani kwake kwenye mikeka na magogo, wakasubiri mwenyewe anawe mikono.

Na kunawa kwenyewe kulikuwa ibada ya pili. Kwanza kwa sabuni ya kufulia, kuondoa shombo. Halafu kwa sabuni ya manukato, ambayo Mulenga, mke wake, hakuruhusiwa hata kuogea. Ndipo aliitoa santuri kwenye jalada, akaishika pembeni kwa viganja, akaipuliza vumbi ambalo halikuwepo, akailaza juu ya gramafoni yake ya betri. Kwenye jalada walionekana vijana wanne wenye suruali pana miguuni na nywele za kufuga, wamesimama juu ya kilima cheusi cha taka za mgodi, na moshi nyuma yao. Icushi ni moshi kwa Kibemba. Hilo Zéphirin alilijua. Mengine hakuyajua, na ndiyo yaliyomponza.

Alizaliwa Lubumbashi katika kambi ya wachimba madini, baba wa kabila hili na mama wa kabila lile, hivyo nyumbani kilisemwa Kiswahili tu, kile cha mkoa wao wa Shaba. Alikuja ziwani Mweru, upande wa Zambia, kutafuta samaki wakavu wa kupeleka kwenye miji ya migodi, na huku wilaya ya Nchelenge akakuta kila mtu wa sokoni anamjibu kwa Kiswahili cha biashara. Basi Kibemba akajifunza cha kwenye mizani: salamu, majina ya samaki, ghali, punguza. Zaidi ya hapo alisema ulimi wake umeshiba. Kule ng'ambo serikali ilikuwa imewapokonya watu majina ya ubatizo. Yeye upande huu alibaki Zéphirin, na alijiona amekwisha kuchukua kutoka Zambia kila alichokihitaji.

Santuri aliinunua katika mji wa migodi wa Kitwe mwaka 1972. Alikuwa amemaliza kuuza mzigo, anapita mbele ya duka la muziki lenye kipaza sauti barazani, akasikia gitaa ambalo hajapata kulisikia. Halikuwa gitaa la rumba la kwao, linalotiririka kwa adabu mpaka mtu mzima akajikuta anacheza. Hili lilikwaruza. Lilivuma kama nyuki ndani ya debe, likapanda, likashuka, likajikunja lenyewe kwa lenyewe. Nyuma yake zilipigwa ngoma za kijijini kabisa, zile za msibani. Mwimbaji akaimba Kiingereza, ambacho Zéphirin hakijui. Akaimba Kibemba, ambacho Zéphirin hakitaki. Kisha vyombo vyote vikanyamaza, na ile sauti peke yake ikasema: kuya.

Zéphirin akasimama katikati ya barabara, baiskeli zikampigia kengele. Kwa watu wa Shaba, kuya ndiyo kuja. Mama akimwita mtoto aje ale, husema kuya. Mpenzi akifungua mlango, husema kuya. Katika fujo yote ile ya lugha za wenyewe, jamaa alikuwa ametia neno moja la Kiswahili kwa ajili ya watu wa ng'ambo, na Zéphirin hakuona mtu mwingine wa ng'ambo pale barabarani isipokuwa yeye. "Kuya, Mulenga, kuya." Njoo, Mulenga, njoo. Aliingia dukani akatoka na santuri kifuani, na njia nzima ya kurudi, juu ya magunia ya lori, hakuiweka chini.

Mwaka uliofuata, sokoni Kashikishi, alimwuliza jina msichana mmoja aliyekuwa anauza samaki wakavu. Akaambiwa Mulenga. Huku jina hilo limejaa tele, la wanaume na la wanawake, ukirusha jiwe ufukweni litamwangukia Mulenga fulani. Zéphirin aliona ni Mungu. Akafungua mikono, akamwimbia palepale: "Kuya, Mulenga, kuya." Msichana akabeba beseni lake, akaenda zake.

Zéphirin akasema hiyo ni haya ya kike. Akamfuata, akamfuata tena, akamfuata mpaka kwa wazazi, akamwoa. Tangu hapo aliisimulia habari hiyo kila alipopata wasikilizaji: "Nilimuita akuye, yeye akakimbia." Majirani walicheka kuliko habari yenyewe ilivyostahili, naye akaamini ana kipaji cha kusimulia.

Santuri aliijua kama unavyoijua njia ya kwenda chooni gizani. Kwa kuwa Kiingereza cha kwenye jalada hakikumsaidia, kila wimbo aliupa jina lake mwenyewe. Wa kwanza ulikuwa Ya Treni, kwa sababu ya mlio mrefu uliouanza. Ndani ya Ya Treni palikuwa na mkwaruzo, sindano iliruka, na Zéphirin aliupenda ule mruko kama unavyopenda mwanya wa mtu wako. Alikuwa akitikisa kichwa pale pale kila mara. Ulifuata Ya Nyuki, ambao gitaa lilikuwa peke yake karibu muda wote, na wazee walioanza kwa kuziba masikio walikuwa sasa wanauomba wenyewe. Kisha Ya Padri, wenye kinanda cha kanisani kinachopigwa na mtu asiye na nia yoyote ya kusali. Huo ulikuwa upande wa kwanza, na huo aliupiga kwa ajili ya watu.

Upande wa pili ulikuwa wake. Mwisho wake ulikuwa Kuya, dakika saba nzima. Ulianza polepole, ngoma moja tu, kisha besi ikaingia kwa kunyata. Gitaa lilipokuja halikukwaruza tena, lililia. Mulenga kwa kawaida alikuwa ameketi mlangoni akibambua karanga, na jina lake lilipoitwa mara ya kwanza, mikono yake ilisimama. Zéphirin aliliona hilo kila Jumapili, na kila Jumapili alijaa fahari kifua kizima.

"Musikie," aliwaambia watu, akisema mais ya Kifaransa badala ya lakini. "Anaita muke yangu. Kuya, Mulenga, kuya. Mais muke iko na miye."

Watu walicheka kwa adabu. Mikono ya Mulenga ikarudi kwenye karanga.

Basi ikaendelea hivyo, santuri ikapiga, ndoa ikakaa, binti akazaliwa akaitwa Emilienne, mpaka mwaka 1977 alipohamia boma karani mpya aitwaye Rodwell Bwembya. Jumapili yake ya kwanza alikuwa anapita na baiskeli, akasikia Ya Treni, akasimama penye ua. Sindano ilipofika kwenye mkwaruzo ikaruka, Rodwell kule nje akayaimba yale maneno mawili yaliyorukwa.

Hapo ndipo wivu ulipomwingia Zéphirin, na ieleweke kwamba mwanzoni haukuhusu mwanamke. Ulihusu maneno mawili. Miaka mitano alikuwa na santuri hii, akailisha, akaivisha, na kumbe kulikuwa na maneno mawili ambayo mpita njia anayo na yeye hana.

Walimkaribisha. Utafanyaje, mgeni ni mgeni. Rodwell akaketi juu ya gogo, akaufuata kila wimbo kwa goti na kidole, na penye mapigo magumu kidole chake kilifika kabla ya ngoma. Akasema amewaona Icushi kwa macho yake mara tatu, mara moja kwa karibu mpaka jasho la mpiga ngoma likamrukia. Akasema ule mlio wa Ya Treni si treni, ni king'ora cha mgodi cha kubadilisha zamu. Kinanda cha Ya Padri, akasema, waliazima kanisani kweli, wakakirudisha kimevunjika vibao viwili. Watu wakamsogelea. Zéphirin alitabasamu kwa meno peke yake. Alijisikia kama mtu aliyelea mtoto wa kuokota, halafu anakuja mgeni kumtajia ukoo wake.

Kwa hiyo Kuya ulipoanza, alijua kwamba hapa lazima amshinde.

"Sasa sikia, karani," alisema. "Ile ingine mulijua nyie. Hii ni yetu. Anasema Kiswahili: kuya, Mulenga. Anaita muke."

Rodwell akafungua kinywa. Kicheko kilikuwa kimekwisha kufika mashavuni. Jirani mmoja mzee, Kalaba, mtu mtaratibu anayetengeneza nyavu, akakohoa na kumkanyaga mguu, wala si kwa bahati mbaya. Rodwell akafunga kinywa. Akamtazama Mulenga mlangoni, akatazama chini, na kwa kutaka kuipoza hali akaimwagia mafuta ya taa.

"Huyu muimbaji, Katongo," alisema, "ni mutoto wa hapa hapa Kashikishi. Mulikuwa munajua?"

Wimbo ukawa unaendelea wenyewe.

"Tulisoma naye," alisema Mulenga, macho kwenye karanga.

Zéphirin alisikia damu ikimpanda masikioni. Aliyaunganisha mambo haraka, kama afanyavyo kila mwenye wivu: kicheko kilichomezwa, mguu uliokanyagwa, mikono inayosimama. Kumbe Mulenga wa kwenye santuri si Mulenga fulani wa popote. Ni huyu. Kumbe mwanamume mwingine amekuwa akimwita mke wake aje, Jumapili baada ya Jumapili, ndani ya ua wake mwenyewe, na aliyekuwa akimnunulia betri za kumwitia ni yeye Zéphirin.

Wiki ile hakwenda ufukweni ila kwa kulazimika. Mulenga alipokwenda kuteka maji, aliupiga Kuya peke yake, mlango umefungwa, akahesabu. Mulenga aliitwa mara kumi na tisa. Kabla ya mara ya kumi na mbili mwimbaji alivuta pumzi, na Zéphirin aliirudia ile pumzi mpaka akaichukia. Mtu hamvutii pumzi kama ile mwanamke aliyesoma naye hesabu na dini. Akalikagua jalada, akitafuta yupi kati ya wale wanne ndiye. Alimchagua wa tatu, mwenye shati la maua, kwa sababu alikuwa mzuri kuliko wengine. Akaligeuza jalada likatazama ukuta.

Na bado, jambo la kumwonea huruma, aliupenda wimbo. Gitaa lilipoanza kulia alifumba macho kama zamani. Alimwonea Katongo wivu kwa mke, akamwonea wivu kwa sauti, na Rodwell akamwonea wivu kwa jasho la mpiga ngoma. Hakujua kipi kinamuuma zaidi.

"Alikuwa nani kwako?" alimwuliza Mulenga mchana mmoja.

"Alikuwa mutu ya hapa. Alienda zamani."

"Mais anakuita."

Mulenga alimtazama muda mrefu, kama mtu anayepima kama kamba itafika kisimani. "Weye njo unasema anaita," alisema, yaani wewe ndiye usemaye hivyo, akarudi kwenye kazi zake. Zéphirin aliona ni ujeuri.

Jumapili iliyofuata hapakuwa na muziki. Alisema betri zimekufa. Jumapili ya pili akasema hivyo hivyo, na Kalaba aliyeleta betri zake mwenyewe kwa nia njema akarudishwa nazo.

Kisha Rodwell, ambaye Mungu hakumnyima kitu isipokuwa kujua wakati wa kunyamaza, akapita sokoni asubuhi moja na habari. Icushi wamevunjika. Katongo ameonekana Chienge, kule kaskazini, kwa mjomba wake, na gitaa hana. Zéphirin alikuwa anapima samaki wa mwanamke mmoja. Akasoma mizani vibaya mara mbili, mpaka mwanamke akainyang'anya akajipimia.

Siku nne baadaye dereva wa lori la kaskazini alisimama penye ua akaleta ujumbe: mama yake Mulenga, Mama Eness, amelazwa na miguu iliyovimba, anamtaka binti yake. Na Mama Eness alikuwa anakaa wapi? Chienge. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Zéphirin aliona limekwisha kuja, limesimama uani linawasha injini.

Mulenga alikuwa anapika. Jua lilikuwa utosini na mbaula, lile jiko la mkaa la bati lenye matundu, lilikuwa jekundu mlangoni. Aliteremsha sufuria, akaanza kukunja nguo za mtoto.

"Katongo iko Chienge," alisema Zéphirin.

"Mama yangu njo iko Chienge."

"Amekuita mara kumi na tisa. Nilihesabu. Sasa unaenda."

Mulenga alisimama na gauni dogo la Emilienne mkononi. "Baba Emilienne, unajua kile unasema?"

"Ninayua."

"Haujui."

Neno hilo, haujui, lilimpata mahali pale pale yalipompata yale maneno mawili ya Rodwell. Zéphirin akaingia ndani. Akaitoa santuri kwenye jalada kwa vidole vyake vya samaki, bila kunawa, kwa mara ya kwanza tangu Kitwe, akatoka nayo akailaza juu ya makaa.

Kwanza haikufanya kitu. Halafu ukingo mmoja ukalegea kama jani la boga, mifereji ikaanza kung'aa, na moshi mweusi, mnene, ukapanda mpaka kwenye paa. Zéphirin alisimama akaitazama. Nadhani alikuwa anangoja Mulenga apige kelele, ili apate ushahidi. Mulenga hakupiga kelele. Alimfunga Emilienne mgongoni, akachukua furushi, akafika mlangoni akasimama.

"Ulikuwa na diski moja," alisema, akiionyesha santuri kwa kidevu, akaondoka kwenda kwenye kituo cha malori.

Raha ya kulipiza ilidumu kiasi cha moshi wenyewe, yaani si sana. Kilichobaki juu ya mbaula kilikuwa donge jeusi lenye karatasi nyekundu katikati. Zéphirin akaanza kuwaza ni nyumba ipi Chienge, na ni nani atamwelekeza, na akakumbuka kwamba anayejua kila kitu cha Katongo anakaa boma na kalamu sikioni. Akaenda kwa miguu, ngumi tayari.

Rodwell alimpokea barazani.

"Katongo anakaa wapi Chienge?" aliuliza Zéphirin.

"Katongo? Alikaa siku mbili tu. Amekwisha rudi Kitwe kwa muke wake na watoto. Ni mutu wa kuenda, yule, hakai."

"Na juu ya nini anaita muke yangu kwa diski? Kuya, kuya, dakika saba?"

Rodwell akatazama kama Kalaba yuko karibu. Hakuwepo. Akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie Nchelenge akaonekana kama mtu anayetamani kutojua.

"Ba Zéphirin, mukwai," alisema kwa heshima ya Kibemba, "ile si Kiswahili. Ni Kibemba. Kwa Kibemba, kuya ni kuenda. Hamuiti mutu. Anaaga. Anasema, ni kuenda tu, Mulenga, migodi imeniita, usiningojee, olewa."

Utasema, mtu akae na Wabemba miaka mitano asijue kuya? Alilisikia kila siku, midomoni mwa watu wanaoagana penye malori, likampita. Lile la malori lilikuwa la Kibemba. La kwenye santuri lilikuwa lake, alilinunua mwenyewe, na mtu haendi kumwuliza jirani maana ya kitu chake. Asiyejua maana haambiwi maana, na ua mzima ulikuwa umeishika methali hiyo kwa heshima, kutoka Kalaba mpaka watoto.

Zéphirin alishikilia nguzo ya baraza. Alijiona Jumapili moja baada ya nyingine, mikono safi, akiwaita majirani wamsikilize mwanamume anavyomwacha mke wake, tena kwa kujivuna, tena akimtafsiria. Akaiona na ile siku ya sokoni. Mgeni amefungua mikono, anatabasamu, anamwambia msichana: nenda, Mulenga, nenda. Na msichana kabeba beseni lake, kaenda, kama alivyoambiwa.

Wivu ulimtoka? Tusidanganyane. Mtu haagani kwa dakika saba na mwanamke aliyesoma naye tu, na hata pale penye nguzo jambo hilo lilimuuma. Lakini lori la kaskazini lilikuwa halijaondoka, aliisikia honi yake. Alikimbia.

Mulenga alikuwa amekwisha panda, ameketi juu ya magunia kati ya wanawake wengine, Emilienne mapajani. Zéphirin alishika ubao wa nyuma wa lori, pumzi hana, na neno moja tu ndilo lililokuwa karibu na ulimi wake.

"Mulenga, kuya!"

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akagonga paa la dereva: bwana mwenyewe amesema nenda, twende zetu. Injini ikawaka.

"Hapana," alisema Zéphirin. "Ile ya kwetu. Kuya ya kwetu."

Mulenga aliinama kutoka juu ya magunia mpaka uso wake ukakaribia. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka.

"Juu ya nini haukuniambia?" Zéphirin alimwuliza.

"Ningesema nini? Siku ile pale soko niliwaza: Katongo ameenda, sasa hata huyu mugeni ya samaki ananifukuza. Njo nikaenda. Kisha ukanifuata. Mutu anakwambia enda, tena anakufuata? Nikauliza batu ba Kiswahili, bakaniambia." Alimsogeza mtoto. "Katongo aliimba yake mara moja, akaenda. Weye ulisema yako kila yenga, kila Jumapili, mbele ya batu. Mi nilikuwa nasikia yako."

"Mais mikono," alisema Zéphirin, kwa kuwa jambo hilo alikuwa nalo tangu ile Jumapili ya Rodwell. "Akiita jina, mikono yako ilikuwa inasimama."

"Nilikuwa nangoja useme yako."

Lori likatikisika. Zéphirin hakuachia ubao. Alitafuta katika kile Kibemba chake cha mizani, kati ya ghali na punguza, neno ambalo hakuwahi kulihitaji kwa sababu samaki hawaitwi.

"Isa," alisema. Likatoka limepinda, kama la mtoto. "Isa kuno."

Wanawake juu ya magunia wakageuka. Ni njoo, njoo hapa, kwa Kibemba ambacho hata mjinga hawezi kukosea.

Mulenga aliuweka mkono wake juu ya mkono wa mume wake pale kwenye ubao, kisha akaanza kuvibandua vidole vyake kimoja kimoja.

"Mama yangu iko mugonjwa kweli, Baba Emilienne," alisema. "Leo ni kuya ya Kibemba. Siku ya ine nitarudi, kusikia ya kwako. Na diski hakuna tena, utaimba weye."

Lori likaondoka. Zéphirin alilitazama mpaka likamezwa na vumbi la njia ya Chienge, akarudi nyumbani taratibu, akipitia nyuma ya ua wa Kalaba asionekane. Siku ya ine ni Alhamisi, na leo ilikuwa Jumatatu. Mikono ilimnuka samaki na plastiki iliyoungua. Akainawa kwa sabuni ya kufulia, mara mbili. Ile ya manukato akaifuta vumbi, akaiweka katika beseni la kuogea la Mulenga.